Usiku wa Pafu Gonjwa: Kwa Nini Oksijeni ya Damu Hupungua Usingizini

Mgonjwa aliyelala huhesabiwa kuwa amepata nafuu. Jamaa zake hupunguza sauti, hufifiza taa, na humwacha apumzike. Kwa wagonjwa wengi hilo ni jema. Lakini kwa mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, saa za usingizi huweza kuwa ndizo saa ngumu kuliko zote. Kifua chake huonekana kimetulia, kumbe katika damu yake oksijeni inateremka hadi kiwango ambacho kingemshtua daktari yeyote kama kingepimwa mchana. Alfajiri mgonjwa huamka na kichwa kizito kinachouma, wala hajui ni kwa nini usiku haukumpumzisha.

Jambo hili lina manufaa makubwa kwa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari, maana linakutanisha masomo matatu. Biolojia hueleza mapafu na damu, fizikia hueleza kanieneo ya hewa, na hisabati hueleza grafu. Atakayeielewa grafu moja tu iliyomo katika somo hili atakuwa ameelewa sababu kuu ya hatari yenyewe.

Safari ya oksijeni

Hewa ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni milimita 760 za zebaki. Hewa inapopita puani na kooni hupashwa joto na kulowa mvuke wa maji, na mvuke huo peke yake huchukua milimita 47. Zinazobaki ni milimita 713, na asilimia 21 ya hizo ni karibu milimita 150. Hiyo ndiyo kanieneo ya oksijeni katika hewa inayoingia mapafuni.

Ndani ya mapafu mna vifuko vya hewa vidogo mno, ambavyo idadi yake ni kati ya milioni 300 na milioni 500. Huko oksijeni hukutana na kabonidayoksaidi inayotoka katika damu, na wakati huohuo damu inaendelea kuichukua. Kwa sababu hiyo kanieneo ya oksijeni katika vifuko hushuka hadi karibu milimita 100. Kuta za vifuko ni nyembamba sana, na nyuma yake imetandaa mishipa midogo ya kapilari. Oksijeni hupenya kuta hizo na kuingia katika chembechembe nyekundu za damu, ambamo hupokewa na himoglobini.

Molekuli moja ya himoglobini ina nafasi nne za kubebea oksijeni. Nafasi zote za himoglobini katika damu zikijaa, damu husemwa kuwa imeshiba kwa asilimia 100. Nusu yake zikijaa, imeshiba kwa asilimia 50. Katika somo hili asilimia hiyo itaitwa mshibo. Lita moja ya damu ya mtu mwenye afya hubeba gramu 150 hivi za himoglobini, na kila gramu huchukua karibu mililita 1.34 za oksijeni. Kwa hiyo lita moja ya damu iliyoshiba kabisa hubeba mililita 200 hivi. Oksijeni inayoyeyuka katika maji ya damu bila kushikwa na himoglobini ni mililita 3 tu kwa lita. Ni dhahiri basi kwamba uhai wa mwanadamu umetegemea himoglobini.

Grafu yenye bega na mteremko

Mwaka 1904, katika mji wa Copenhagen, Christian Bohr pamoja na wenzake Karl Hasselbalch na August Krogh walichapisha grafu zinazoonyesha uhusiano wa kanieneo ya oksijeni na mshibo wa damu. Mtu angedhani kwamba kanieneo ikipungua kwa nusu, mshibo nao utapungua kwa nusu. Sivyo ilivyo. Takwimu za damu ya mtu, kwa makadirio, ni hizi:

Kanieneo ya oksijeni (mm za zebaki) na mshibo (asilimia)
100: 98
90: 97
80: 96
70: 94
60: 90
50: 85
40: 75
30: 57
20: 32

Mwanafunzi akizichora takwimu hizi, kanieneo ikiwa kwenye mstari wa mlalo na mshibo kwenye mstari wa wima, atapata mkunjo wenye umbo la kilima. Upande wa kulia, kati ya 100 na 60, pana bega lililo karibu tambarare: kanieneo hupungua kwa milimita 40, na mshibo hupungua kwa asilimia 8 tu. Upande wa kushoto wa 60 mteremko huanza, na kila milimita inayopotea huondoa oksijeni nyingi zaidi.

Umbo hili lina faida mbili kwa mtu mwenye afya. Bega humlinda, kwani hata akipanda mlima au akipumua kidogo kuliko kawaida, damu yake hubaki karibu imeshiba. Mteremko nao huwezesha damu kutua mzigo wake kwa wepesi pale inapofika katika misuli na ubongo, ambako kanieneo ni ndogo. Lakini mtu ambaye ugonjwa umekwisha kumfikisha ukingoni mwa bega hana tena ulinzi huo. Hatua moja mbele yake ni mteremko.

Kinachotokea usingizini

Usingizi si hali moja. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambamo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope zilizofumbwa. Ndivyo vipindi vya ndoto nyingi zilizo wazi. Kwa mtu mzima vipindi hivi hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na kwa jumla huchukua kiasi cha robo ya usingizi wote. Vya mwanzo ni vifupi. Vilivyo virefu zaidi huja karibu na alfajiri.

Mtu yeyote anapolala, upumuaji wake hupungua kidogo. Ubongo hauhimizi tena pumzi kama ulivyofanya mchana, na mwitikio wake kwa kabonidayoksaidi inayoongezeka hulegea. Kanieneo ya oksijeni katika damu hushuka kwa milimita chache. Kwa mwenye afya, mshuko huo hauonekani, kwa kuwa yuko juu ya bega la grafu.

Katika vipindi vya ndoto jambo jingine huongezeka. Misuli karibu yote ya mwili hulegezwa, na huenda ndiyo sababu mtu akiota anakimbia hainuki kitandani akakimbia kweli. Misuli iliyo katikati ya mbavu nayo hulegea, pamoja na ile ya shingo inayosaidia kuinua kifua. Msuli wa kupumulia unaobaki kazini ni mmoja hasa: kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo chenye afya huimudu kazi hiyo bila taabu.

Pafu gonjwa na kiwambo kilichobapa

Miongoni mwa magonjwa sugu ya mapafu, linalohusika zaidi hapa ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Ndani yake yamo mambo mawili ambayo mara nyingi huandamana. La kwanza ni mkamba sugu, ambapo njia za hewa huvimba na kujaa makohozi kwa miaka mingi. La pili ni emfisema, ambapo kuta za vifuko vya hewa huharibika, na vifuko vingi vidogo huwa vichache vikubwa vilivyolegea. Hewa huingia, lakini hutoka kwa shida. Kwa hiyo mapafu hubaki yamefura, na kifua huwa cha mviringo kama pipa.

Madhara ya kufura huko hukiangukia kiwambo. Katika hali ya kawaida kiwambo kina umbo la kuba. Kinapojikaza, kuba hushuka, kifua hupanuka, na hewa huingia. Mapafu yaliyofura hukisukuma chini hadi kikabapa hata kabla ya kujikaza. Upinde uliokwisha kunyooka haurushi mshale mbali. Vivyo hivyo kiwambo kilichobapa hakivuti hewa ya kutosha. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii mchana huonekana akitumia shingo na mabega kupumua, ameinama mbele na mikono imeegemea magotini. Misuli ya kusaidia imekuwa ndiyo ya kutegemewa.

Usiku, kipindi cha ndoto kinapoanza, misuli hiyo ya kutegemewa hulegezwa pamoja na mingine. Kazi yote humrudia kiwambo dhaifu. Pumzi huwa fupifupi, na baadhi ya sehemu za mapafu hupata damu bila kupata hewa ya kutosha. Oksijeni hushuka, na kabonidayoksaidi hupanda.

Watu wawili, usiku mmoja

Na wachukuliwe watu wawili wanaoishi pwani. Wa kwanza ana afya, na kanieneo ya oksijeni katika damu yake ni milimita 100. Wa pili ana emfisema, na kanieneo yake akiwa macho ni milimita 60. Mchana tofauti yao katika mshibo si ya kutisha: asilimia 98 kwa mmoja, 90 kwa mwingine.

Kwa ajili ya ulinganifu, ichukuliwe kwamba usingizini kila mmoja amepoteza milimita 20. Wa kwanza atashuka kutoka 100 hadi 80, na mshibo wake utakuwa asilimia 96. Amepoteza 2 tu. Wa pili atashuka kutoka 60 hadi 40, na mshibo wake utakuwa asilimia 75. Amepoteza 15. Hasara ya kanieneo ni ileile, lakini hasara ya damu ni zaidi ya mara saba. Katika hali halisi mwenye afya hapotezi milimita nyingi kiasi hicho, na kwa hiyo tofauti huwa kubwa zaidi.

Yafaa kutua hapa na kuitafakari asilimia hiyo ya 75. Kwa mtu mwenye afya aliyepumzika, huo ndio mshibo wa damu inayorudi moyoni ikiwa imekwisha kuzunguka mwili na kuacha oksijeni yake. Kwa mgonjwa huyu, damu inayoanza safari kwenda kwenye ubongo na moyo ina oksijeni sawa na ile ya mwenzake inayorejea kutoka safarini.

Jinsi ilivyothibitishwa

Kwa muda mrefu oksijeni ya damu ilipimwa kwa kuchoma ateri na kutoa damu. Njia hiyo humwamsha mgonjwa, na hupima dakika moja tu. Ilihitajika njia ya kupima usiku kucha bila kumgusa. Himoglobini yenye oksijeni ni nyekundu iliyokoza, nayo isiyo na oksijeni huelekea zambarau. Kwa hiyo mwanga ukipitishwa katika ndewe ya sikio, rangi ya damu huweza kusomwa. Kwa vipimo vya sikioni vya aina hiyo, mwaka 1977 nchini Marekani, M. R. Flick na A. J. Block walionyesha jinsi oksijeni inavyoporomoka kwa wagonjwa waliolala. Mwaka 1979 N. J. Douglas na wenzake wa Edinburgh, akiwamo D. C. Flenley, walipima oksijeni pamoja na mawimbi ya ubongo, wakaonyesha kwamba maporomoko makubwa huangukia hasa katika vipindi vya macho kuchezacheza.

Wakati huohuo, mwaka 1974, mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani alikuwa amebuni njia ya kutenganisha mwanga unaopita katika damu ya ateri inayodunda na ule unaopita katika ngozi na nyama. Hiyo ndiyo asili ya kipimo kidogo cha kubana kidoleni, ambacho watu wengi walikiona kwa mara ya kwanza wakati wa janga la UVIKO-19 lililoanza mwaka 2020.

Madhara kwa mwili

Mwaka 1946 Ulf von Euler na Göran Liljestrand wa Uswidi walieleza kwamba mishipa ya damu ya mapafu hujibana pale oksijeni inapopungua. Sehemu ndogo tu ya pafu ikikosa hewa, kujibana huko ni hekima, kwani damu huelekezwa penye hewa. Lakini pafu zima likikosa oksijeni, mishipa yote hujibana, na upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Hali hiyo ikiendelea miaka, moyo hupanuka na kuchoka, na miguu huvimba. Figo nazo, zikihisi upungufu, hutoa homoni inayohimiza utengenezaji wa chembechembe nyekundu. Damu huwa nzito na kusukumwa kwa taabu. Kabonidayoksaidi iliyolimbikana usiku hupanua mishipa ya ubongo, na ndiyo mojawapo ya sababu za kichwa kuuma asubuhi.

Je, oksijeni ya ziada husaidia?

Majaribio mawili yalijibu swali hili kwa wagonjwa walio na upungufu mkubwa hata mchana. Nchini Uingereza, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1981 yalihusu wagonjwa 87. Waliopewa oksijeni kwa saa 15 kila siku, usiku ukiwamo, walikuwa 42, na katika miaka 5 walikufa 19. Wasiopewa walikuwa 45, nao walikufa 30. Nchini Marekani, mwaka 1980, wagonjwa 203 waligawanywa: wengine walipewa oksijeni usiku tu, wengine karibu muda wote. Vifo vya waliopewa usiku tu vilikuwa karibu mara mbili ya vya wenzao. Kwa hiyo usiku pekee hautoshi kwa mgonjwa wa namna hiyo.

Kwa wale ambao oksijeni yao hushuka usingizini tu, jibu si wazi hivyo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020, lenye wagonjwa 243, halikuonyesha manufaa ya dhahiri ya oksijeni ya usiku. Lakini lilikoma kuandikisha watu mapema, na idadi ilikuwa ndogo mno kutoa hukumu ya mwisho. Sayansi huenda hivyo: kuona kasoro katika kipimo si sawa na kuthibitisha kwamba kuirekebisha humponya mtu.

Yapo pia mambo ya tahadhari. Oksijeni nyingi kupita kiasi huweza kuongeza kabonidayoksaidi katika damu ya baadhi ya wagonjwa hawa hadi wakalewa usingizi, na kwa hiyo madaktari hulenga mshibo wa asilimia 88 hadi 92, si 100. Dawa za usingizi na pombe hulegeza upumuaji zaidi. Mgonjwa anayekoroma sana huenda pia koo lake hujifunga usingizini, na hatari huwa maradufu. Tena oksijeni huchochea moto: jiko la mkaa, kibatari na sigara havipaswi kukaribia chombo chake.

Afrika Mashariki inavyohusika

Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa huua watu zaidi ya milioni 3 duniani kila mwaka. Tumbaku ni chanzo kikubwa, lakini si pekee. Zaidi ya watu bilioni 2 hupika kwa kuni, mkaa, mabua, samadi au mafuta ya taa, na katika jiko lisilo na dohani wanaovuta moshi huo zaidi ni wanawake na watoto wanaokaa karibu na mafiga. Kifua kikuu nacho, hata kikiisha kutibiwa, huweza kuacha makovu yanayoziba njia za hewa. Kwa hiyo mama ambaye hajapata kuvuta sigara huweza kuwa na pafu kama la mvutaji.

Mahali anapoishi mgonjwa pana uzito wake. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni karibu milimita 620. Ukitoa mvuke, asilimia 21 ya zinazobaki ni milimita 120 tu badala ya 150. Mwenye afya bado yuko juu ya bega. Mgonjwa anayehama kutoka Mombasa au Tanga kwenda huko huanza usiku wake akiwa karibu zaidi na mteremko.

Kipimo cha kidoleni nacho kisomwe kwa busara. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kipimo hicho kilikosa kugundua upungufu karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe, kikisoma juu kuliko ukweli. Rangi ya kucha na vidole vyenye baridi pia huharibu usomaji. Zaidi ya hayo, kipimo cha mchana hakielezi habari za usiku. Jamaa wa mgonjwa anayelalamika maumivu ya kichwa kila asubuhi, usingizi wa mchana au uvimbe wa miguu wana habari ambayo daktari anaihitaji, nao hawana budi kuisema.

Kinga ni bora kuliko yote haya, kwa maana vifuko vya hewa vilivyoharibika havirudi. Kuacha tumbaku, jiko lenye dohani, dirisha la jikoni, kuni zilizokauka vizuri na kutibu kifua kikuu mapema ni hatua ambazo mwanafunzi anaweza kuzieleza nyumbani kwao leo hii.

Zoezi kwa darasa

1. Chora grafu kwa takwimu zilizotolewa. Onyesha mahali bega linapokoma.
2. Lita moja ya damu ina nafasi ya mililita 200 za oksijeni, na moyo husukuma lita 5 kwa dakika. Tafuta oksijeni inayosafirishwa kila dakika kwa mshibo wa asilimia 98, na kwa mshibo wa asilimia 75.
3. Mgonjwa ana kanieneo ya milimita 70 akiwa macho, na usingizini hupoteza milimita 20. Mshibo wake unapungua kwa kiasi gani? Mlinganishe na mgonjwa wa milimita 60.
4. Eleza kwa nini maporomoko makubwa ya oksijeni huelekea kutokea karibu na alfajiri.
5. Chunguza jiko moja la kijijini au mtaani. Moshi hutokea wapi, na nani hukaa karibu nao kwa muda mrefu zaidi? Pendekeza badiliko moja linalowezekana bila gharama kubwa.